Kabla hujampa mtoto Brufen, uliza kwanza: amekojoa lini?

#1 mama_wa_wawili (Donholm)

Wazazi wenzangu, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika vipande vipande kwa wiki mbili, maana kila nikianza nakumbuka ule mrija kwenye mkono wa mtoto, naweka simu chini.

Kijana wangu wa pili ana mwaka mmoja na miezi tisa. Alhamisi moja mwezi uliopita alianza kuendesha tumbo. Kufikia Ijumaa mchana alikuwa ametapika mara nne na mwili unachemka. Nyumbani tulikuwa na chupa ya ibuprofeni, ile dawa ya homa na maumivu tunayoiita Brufen, ambayo dadangu alituletea kutoka Uingereza alipokuja likizo. Ina ladha ya stroberi, mtoto huinywa bila vita. Mimi nimezoea ile ya madukani hapa kwetu, ambayo mililita 5 zina miligramu 100. Ile ya dadangu ilikuwa na miligramu 200 katika mililita hizo hizo 5, na kwenye lebo, kwa maandishi madogo, ilisema ni ya watoto wa miaka 7 hadi 12. Sikusoma. Nilimpa kijiko kimoja kama kawaida yetu, mara tatu Ijumaa, mara mbili Jumamosi.

Joto lilishuka, na hapo ndipo nilipodanganyika. Ukimshika mtoto na hachemki, unajiambia anapata nafuu. Kuendesha nako kulikuwa kumepungua. Jumamosi jioni nilipotaka kumbadilisha nepi niligundua ni ile niliyomvisha asubuhi, na ni kavu kabisa. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, analia lakini machozi hayatoki.

Tulifika hospitalini saa tatu usiku. Daktari wa zamu, binti mdogo tu, hakuanza na joto. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, amekojoa lini?" La pili, "Umempa dawa gani?" Nilitoa chupa kwenye mkoba. Alisoma lebo, akauliza uzito, akampima mwenyewe: kilo 11. Kisha akanyamaza kidogo. Huko kunyamaza bado nakusikia.

Damu ilionyesha figo zimelemewa. Tulilala huko usiku nne. Aliwekewa maji ya mshipa, ibuprofeni ikasimamishwa, na kila nepi ilipimwa kwenye mizani ili wajue ametoa mkojo kiasi gani. Usiku wa pili ndipo alipokojoa vizuri, na mimi na muuguzi tukashikana mikono. Sasa yuko sawa. Tulirudi kupimwa damu baada ya wiki mbili, figo zimerejea. Namshukuru Mungu na namshukuru yule binti.

Sasa kile alichonieleza, maana ndicho kilichonileta hapa. Alikichora kwenye karatasi.

Mwili hutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Mtoto akiugua, hizo ndizo zinazochangia maumivu, uvimbe na joto. Ibuprofeni huzuia zisitengenezwe, ndiyo maana inatuliza. Lakini prostaglandini zina kazi nyingine. Zinalinda utando wa tumbo. Na maji yakipungua mwilini, ndizo zinazoshikilia mishipa ya damu ya figo ibaki wazi. Sisi wa Eastlands tunajua maji ya mgao. Tangi likiwa limejaa, mtu akibana bomba kidogo hutagundua. Tangi likibaki chini kabisa, bomba hilo hilo likibanwa, jikoni hakufiki hata tone. Mtoto aliyetapika na kuendesha siku mbili, tangi lake liko chini. Ibuprofeni ndiyo inayobana bomba.

Halafu kipimo. Ibuprofeni ya mtoto huhesabiwa kwa uzito: miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 hadi 8. Kwa siku nzima, mwongozo wa Uingereza unaishia miligramu 30 kwa kilo, wa Marekani 40. Mwanangu wa kilo 11 hakutakiwa kupita miligramu 110 kwa mara moja. Mimi nilikuwa nikimpa 200. Ijumaa peke yake alipata 600, yaani zaidi ya 54 kwa kila kilo, na amekauka.

Siandiki ili mtupe chupa zenu. Dawa hii ni nzuri. Mtoto wangu wa kwanza alipoumwa na sikio usiku mzima, ndiyo iliyomlaza. Ninachoomba ni kimoja: kabla hujaifungua, uliza amekojoa lini, na kama anatapika au anaendesha, iache. Mpe ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kidogo kidogo kwa kijiko, na kama anahitaji kitu cha joto, mpe parasetamoli kwa kipimo chake, kisha mpeleke aonekane.

Ulizeni. Nitajibu ninayoyajua, nisiyoyajua, najua humu kuna wahudumu wa afya.

#2 bintiwakangemi

Pole sana mama. Nimesoma hadi mwisho nikaenda kuangalia nepi ya wangu aliyelala.

#3 baba_pacha (Pipeline)

Pole dada, na asante. Mimi nina pacha wa miaka mitatu na hesabu hunipiga chenga. Mmoja ana kilo 12, mwingine 15. Tumekuwa tukiwapa sawa, mililita 5 kila mmoja, kwa sababu ni umri mmoja. Nisaidie, wa kilo 12 anapata mililita ngapi?

#4 mama_wa_wawili

Baba pacha, hebu tuifanye pamoja. Kilo 12 mara 5 ni miligramu 60. Kilo 12 mara 10 ni 120. Kwa hiyo dozi yake iko kati ya 60 na 120.

Sasa geuza chupa usome. Kama ni ile ya kawaida, miligramu 100 kwa mililita 5, kila mililita moja ina miligramu 20. Basi 60 ni mililita 3, na 120 ni mililita 6. Yeye ni kati ya 3 na 6. Wa kilo 15 ni miligramu 75 hadi 150, yaani mililita 3 na nusu na kidogo hadi 7 na nusu. Kwa wote wawili mililita 5 iko ndani ya mipaka, kwa hiyo hamjakosea. Usianze tu kwa kipimo cha juu wakati cha chini kinaweza kutosha.

Lakini kama chupa ni ya miligramu 200 kwa mililita 5, gawa hizo mililita kwa mbili. Na yale matone ya watoto wachanga yanayouzwa Marekani ni makali sawa na hiyo ya 200, miligramu 50 katika mililita 1.25. Ndugu akikuletea ya huko ukaipima kwa kijiko chako cha kawaida, utampa mtoto mara mbili ya alivyotakiwa.

Uzito wa karibuni uko kwenye Kijitabu cha Mama na Mtoto. Kama wa mwisho ni wa mwaka jana, pita kliniki mpimiwe; hawakufukuzi kwa kuomba mizani.

#5 mfamasia_kayole

Mama wa wawili, umeeleza vizuri kuliko wengi wetu tulio nyuma ya kaunta. Mimi ni mfamasia, niruhusu niongeze mambo ambayo nayaona kila siku dukani.

Kwanza kijiko. Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo. Nimewahi kupima vijiko vya jikoni mwangu kwa maji, kimoja kilibeba zaidi ya kingine kwa karibu nusu. Omba sirinji ya kunyweshea, ile isiyo na ncha ya kudunga. Ni shilingi chache na maduka mengine huitoa bure. Mweke mtoto ameketi, ncha ya sirinji ielekee ndani ya shavu, sukuma polepole. Usimlaze chali ukamwagia kooni. Na tikisa chupa kabla ya kupima. Hii ni dawa iliyoelea kwenye maji; ikikaa, inatuama. Usipotikisa, dozi za juu zinakuwa nyepesi na za chini ya chupa zinakuwa kali.

Pili majina. Hapa kwetu kila ibuprofeni inaitwa Brufen. Jina hilo lilitoka Uingereza, kampuni ya Boots, mjini Nottingham, ambako Stewart Adams na wenzake waliitengeneza miaka ya 1960 wakitafuta dawa ya baridi yabisi isiyoumiza tumbo kama aspirini. Iliingia sokoni huko 1969 kwa cheti cha daktari, na hadi 1983 ndipo watu waliporuhusiwa kuinunua bila cheti. Nasema haya kwa sababu mzazi ananiambia "nimempa Brufen" na chupa mkononi ni dawa nyingine kabisa. Kuna sirapu zinazouzwa Nairobi ambazo ndani yake mna ibuprofeni NA parasetamoli kwa pamoja. Mzazi anampa hiyo, halafu juu yake anaongeza Calpol, ambayo ni parasetamoli tena. Na nyingine za mafua zina parasetamoli ndani bila kupiga kelele. Soma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hapo ndipo dawa yenyewe ilipo.

Tatu, na hili naomba mlishike: aspirini si dawa ya homa ya mtoto. Uingereza iliizuia kwa watoto tangu 1986 na baadaye ikapandisha umri hadi miaka 16, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Vidonge kadhaa vya maumivu ya kichwa tunavyonunua kioskini kimoja kimoja vina aspirini ndani. Usimkatie mtoto nusu.

#6 nyanya_wa_limuru_road

Wanangu, nimewasoma. Mimi nimelea sita na sasa wajukuu. Wakati wetu mtoto akichemka ulimvua nguo, ukamwosha kwa maji baridi, akapoa. Hatukuwa na chupa hizi zote na watoto walikua. Ninyi wa leo joto kidogo tu mnakimbilia dawa.

#7 muuguzi_zamu_ya_usiku

Shikamoo nyanya. Upande mmoja una haki kabisa, na ningependa vijana wakusikie: joto lenyewe si adui. Ni mwili unapigana. Mtoto mwenye nyuzi 38 na nusu anayecheza, anakunywa na anakojoa, hana haja ya dawa kwa sababu tu kipimajoto kimesema hivyo. Miongozo ya Uingereza inasema hivyo waziwazi: tunatibu mtoto anayeteseka, hatutibu namba.

Ila kwa maji ya baridi, nyanya, tumeacha. Ngozi ikipata baridi ghafla mishipa yake inajibana, mtoto anatetemeka, na kutetemeka kunatengeneza joto jingine ndani. Mpunguzie nguo nzito, mpe vinywaji, fungua dirisha. Inatosha.

Na kuna jambo la degedege ambalo wazazi wengi huwa hawalijui. Kumpa mtoto ibuprofeni au parasetamoli hakumzuii kupata degedege la homa. Limechunguzwa, halizuiliki hivyo. Kwa hiyo mzazi anayeamka kila saa nne kumnywesha mtoto aliyelala kwa kuogopa degedege, anajichosha bure na anakaribia kupitisha kipimo. Likimpata, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, angalia saa. Likipita dakika tano ni dharura ya sasa hivi. Likiwa fupi na ni mara ya kwanza, bado mlete.

#8 nyanya_wa_limuru_road

Marahaba mwanangu. Hilo la kutetemeka sikulijua. Nimekuelewa.

#9 dereva_wa_thika

Swali kwa daktari au mfamasia. Mke wangu anampa Panadol ya maji, joto likigoma baada ya saa moja anampa na Brufen. Jirani alimwambia ndivyo wanavyofanya hospitalini. Ni sawa?

#10 mfamasia_kayole

Ndugu dereva, ni dawa mbili tofauti na hazigombani mwilini. Lakini usizipe kwa wakati mmoja kama mazoea. Anza na moja. Ipe nafasi: ibuprofeni huchukua nusu saa hadi saa nzima kuanza kufanya kazi, na joto halitoki 39 likafika 37 kwa sababu umenyunyiza dawa, likishuka kidogo na mtoto akachangamka, imefanya kazi. Kama bado anateseka kabla ya muda wa dozi inayofuata, hapo unaweza kufikiria ile nyingine, kila moja ikifuata saa zake: parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kila saa 4 hadi 6, ibuprofeni kama alivyoeleza mama wa wawili.

Hatari yake ni kupoteza hesabu. Saa nane usiku, baba amempa moja, mama amempa nyingine, dada wa kazi asubuhi hajui, anampa tena. Chukua karatasi, ibandike kwenye friji au ukutani: dawa gani, mililita ngapi, saa ngapi, nani ametoa. Nyumba isiyo na karatasi hiyo isipishanishe dawa.

#11 baba_pacha

Kwetu ilitokea hivyo hasa, ingawa kwa Calpol. Mimi saa kumi na mbili, mama yao saa moja, hatukuambiana. Mungu alituokoa. Karatasi naibandika leo.

Na 2020 tuliambiwa ibuprofeni ni hatari kwa mwenye korona. Hilo liliishaje? Mimi tangu hapo huwa naiogopa mtoto akiwa na kifua.

#12 muuguzi_zamu_ya_usiku

Lilianza Machi 2020, waziri wa afya wa Ufaransa, Olivier Véran, alipoandika mtandaoni kwamba inaweza kuzidisha ugonjwa. Ikasambaa dunia nzima kwa siku moja. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani lilisema halipendekezi watu waiepuke kwa sababu ya korona, na uchunguzi uliofuata haukuonyesha ile hatari. Mafua ya kawaida na kikohozi si sababu ya kuiogopa.

Zipo sababu za kweli lakini, na hizo ndizo za kukumbuka.

Mtoto aliye chini ya miezi mitatu, au chini ya kilo 5: hapana. Na mtoto huyo akiwa na nyuzi 38 au zaidi, usimpe chochote ukasubiri asubuhi, mlete. Kwa wa miezi mitatu hadi sita, muulize daktari kwanza. Nasema hili kwa ajili ya zile chanjo za wiki 6, 10 na 14. Mtoto akipata joto baada ya sindano, parasetamoli ndiyo tunayoelekeza, kwa kipimo utakachoandikiwa kliniki.

Mtoto mwenye tetekuwanga: hapana. Ibuprofeni imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi kwa watoto wenye tetekuwanga, yale yanayokula nyama chini ya vipele. Parasetamoli inatosha.

Mtoto mwenye ugonjwa wa figo, mwenye vidonda vya tumbo, anayetokwa na damu kirahisi, au anayetumia prednisoloni au dawa za kupunguza maji mwilini: muulize daktari wake. Mwenye selimundu (sickle cell) pia. Figo zake zinabeba mzigo tayari, na wazazi wa watoto hao wasijiamulie wenyewe hata kama jirani mwenye mtoto kama huyo anaitumia.

Na jingine la Nairobi hii yetu. Disemba na Aprili shule zikifungwa watoto wanapelekwa kwa nyanya zao Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Kwale. Wanarudi, wiki ya pili mwili unachemka. Mzazi anampa Brufen, joto linashuka, linarudi, anampa tena. Siku nne zimepita kabla hajapimwa malaria. Nairobi malaria ni chache ndiyo maana hatuikumbuki. Mtoto aliyetoka Magharibi au Pwani akichemka, apimwe siku hiyo hiyo. Kwa waliotoka Pwani naongeza dengi, homa nyingine inayoletwa na mbu, kwa sababu Mombasa imewahi kupata milipuko yake. Dengi hupunguza chembe za kugandisha damu, na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja. Tumia parasetamoli mpaka ijulikane ni nini.

#13 mwalimu_wa_chekechea

Nina mtoto darasani mwenye pumu na mama yake ameniachia chupa ya ibuprofeni kwa siku akiumwa na jino. Nimeogopa kuigusa baada ya kusoma hapa.

#14 mfamasia_kayole

Mwalimu, si kila mtoto mwenye pumu hudhurika. Wengi huitumia salama. Wapo wachache ambao kifua kinabana baada ya kuinywa, na kwa hao hairuhusiwi tena maishani. Muulize mama: ameshawahi kuinywa? Baada ya kuinywa alikohoa, alipumua kwa mluzi, uso ulivimba, ngozi ilitoka vipele? Kama hajawahi kuinywa kamwe, dozi ya kwanza isitolewe shuleni. Na uandikiwe uzito, mililita na saa, kwa mkono wa mzazi. Ukiona umebanwa kusema hapana, sema hapana. Ni haki yako.

Nikiwa hapo niseme na jambo linaloniuma. Wazazi wanakuja wakiomba mtoto "achomwe sindano ya maumivu" ili joto lishuke haraka. Mara nyingi sindano hiyo ni diklofenaki. Ni jamaa moja na ibuprofeni, inabana bomba lile lile la figo, na mtoto mwenye homa haihitaji. Ikiwa ameinywa ibuprofeni nyumbani kisha akachomwa hiyo, amepewa mara mbili bila yeyote kujua. Anayetaka kumdunga mtoto wako dawa, mwulize jina lake na uliandike. Na duka unaloingia liwe na leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu imetundikwa mahali unapoweza kuisoma.

Mtoto akidhurika na dawa, mwambie mhudumu ajaze ile fomu ya manjano ya Bodi. Si ya kumshtaki mtu. Ndiyo njia ya kujua dawa ipi inaleta nini.

#15 mama_wa_wawili

Yetu ilijazwa. Nilidhani ni fomu ya kunishtaki mimi, nikatetemeka. Yule daktari aliniketisha akanisomea kila mstari.

#16 bintiwakangemi

Ni lazima ale kwanza? Wangu akiugua hali chochote, na nyanya yake anasema Brufen bila chakula inatoboa tumbo.

#17 mfamasia_kayole

Afadhali awe na kitu tumboni, hata maziwa au uji nusu kikombe. Dozi moja au mbili tumbo likiwa tupu si kwamba litatoboka. Ukiona choo cheusi kama lami, au matapishi yenye rangi ya kahawa, hapo acha dawa na uende hospitali. Lakini bintiwakangemi, mtoto asiyekula bado huvumilika. Asiyekunywa je? Huyo ndiye wa kumwangalia. Na ibuprofeni ya nyumbani isipite siku tatu bila mtoto kuonekana.

#18 kaka_wa_githurai

Samahanini kwa kuingilia, nimeletewa uzi huu na rafiki sasa hivi. Ni saa tano usiku. Binti yangu ana miaka miwili na nusu, ametapika mara tano tangu saa kumi jioni, joto nyuzi 38.9. Mama yake yuko zamu ya usiku. Nilikuwa nimeshika chupa ya Brufen. Nifanye nini?

#19 mama_wa_wawili

Kaka, weka hiyo chupa chini. Amekojoa lini?

#20 kaka_wa_githurai

Sijui. Nadhani saa nane mchana, kabla hajaanza kutapika. Nepi iko kavu.

#21 muuguzi_zamu_ya_usiku

Kaka, nijibu haraka. Anakujibu ukimwita? Akinywa kijiko cha maji kinabaki au kinarudi? Shingo inajikunja kidevu kikigusa kifua? Ana vipele vyovyote? Kwa ngozi yetu angalia viganja, nyayo na ndani ya kope. Kifua kinazama chini ya mbavu akivuta pumzi?

#22 kaka_wa_githurai

Ananijibu lakini amelegea, anataka kulala tu. Maji yanarudi yote. Vipele hakuna. Shingo sawa, kifua sawa.

#23 muuguzi_zamu_ya_usiku

Anatapika kila kitu, amelegea, hajakojoa kwa muda wa saa tisa. Hizo ni dalili za hatari, usingoje asubuhi. Nenda hospitali iliyo karibu sasa hivi. Ukiwa njiani mpe ORS kijiko kimoja kila dakika mbili tatu. Akitapika, subiri dakika kumi uanze tena polepole zaidi. Kama huna ORS usipoteze muda kuitafuta. Beba kijitabu chake na kila chupa ya dawa aliyokunywa wiki hii.

#24 dereva_wa_thika

Kaka uko Githurai gani? Nina gari, niko Roysambu na sijalala. Nitumie ujumbe wa faragha.

#25 kaka_wa_githurai

Nimekutumia. Asante ndugu.

#26 mama_wa_wawili

Niko macho. Ukipata nafasi tuambie, hata neno moja.

#27 dereva_wa_thika

Tumefika. Wamempokea, amewekwa mrija. Baba yake yuko ndani naye.

#28 kaka_wa_githurai

Ni saa kumi na moja asubuhi. Daktari ameniuliza kama nimempa ibuprofeni, nikasema hapana, chupa hii hapa imefungwa. Malaria hakuna. Wamempima figo, wanasema ziko sawa, ila amekauka sana. Ameanza kunywa ORS bila kutapika. Mama yake amefika kutoka zamu.

Amekojoa sasa hivi. Nepi nzito.

#29 mama_wa_wawili

Nalia hapa jikoni. Mwanangu ananiuliza nini. Lala kidogo, kaka.